Kigoma Huliwa kwa Mkono

Reli ya Kati iliingia Kigoma mwaka 1914 ikaishia hapo, kwa kuwa mbele yake yalibaki maji tu. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, takriban siku mbili kwa treni ya zamani, na abiria anapoteremka kwenye lile jengo la stesheni la enzi ya Wajerumani, lenye matao, bandari iko chini yake, jirani kabisa. Ndiyo maana Watanzania wameuita mji huu mwisho wa reli. Sasa inajengwa reli ya kisasa kutoka Tabora, kilomita 506, na safari itakuja kufupika. Lakini hata leo, uje kwa treni, kwa basi au kwa ndege, Kigoma si mji wa kupitia. Anayefika amekusudia.

Wengi wanaokusudia huja kwa mambo mawili. Wako waendao Gombe kuwatazama sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Wako waendao Ujiji, kwenye kumbukumbu ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Waende, yote mawili yanastahili. Mimi naandika kwa ajili ya jambo la tatu, lisilo na bango wala tiketi: sahani ya mgebuka aliyepikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo pembeni yake. Nimekula changu na kolekole pwani, nimekula sato Mwanza, na bado nasema kwamba hakuna samaki nchini mwetu anayemzidi huyu, akiliwa mahali pake na kwa namna yake.

Hiyo namna yake ndiyo hasa nataka kuieleza. Nimewaona wageni wakiletewa sahani hii, wakaomba uma, wakamchokonoa samaki katikati, wakaacha kichwa, wakausogeza ugali kando na kuagiza wali. Waliondoka wameshiba, lakini Kigoma hawakuionja.

Anza asubuhi, tena anzia Kibirizi. Ni mwalo ulio kaskazini kidogo ya mji, na ndipo boti za abiria zinapopakia kwenda vijiji vya mwambao, hadi Gombe na Kagunga, mpakani na Burundi. Kabla jua halijapanda, mitumbwi ya wavuvi inaingia kutoka ziwani na ufukwe unajaa watu: wachuuzi wenye ndoo, kina mama wenye mabeseni, vijana wa kupakua, wanunuzi wakubwa waliotoka mbali. Bei hutajwa kwa sauti na hubadilika mtumbwi hadi mtumbwi. Hapo utawaona dagaa wa Kigoma wakiwa bado wanang'aa, wamejaa mtumbwi mzima, na kati yao, au kwenye mafungu ya peke yao, wamelala migebuka.

Usiwanunue kwa macho tu. Mfunue mashavu uone kama ndani ni mekundu, mbonyeze mgongoni uone kama nyama inarudi, na mtazame jicho kama limejaa na linaangaza. Mgebuka ni samaki mwembamba, mrefu, mweupe wa fedha, mwenye mdomo mkubwa kuliko unavyotarajia kwa umbo lake. Mdomo huo una kazi. Mgebuka ni mwindaji, na windo lake kuu ni dagaa. Ni ndugu wa sangara wa Ziwa Victoria, wa jenasi moja naye, ila sangara aliletwa Victoria na watu katika miaka ya 1950, na mgebuka ni mwenyeji halisi wa Tanganyika. Ziwa jingine lolote duniani halina.

Ukijua anachokula, umeujua uvuvi wake. Dagaa huvutwa na mwanga, naye mgebuka huwafuata dagaa. Kwa hiyo wavuvi wa huku hutoka usiku, tena usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Wazee wanasimulia juu ya mienge ya moto iliyowashwa kwenye tezi la mtumbwi. Baadaye zikaja karabai za mafuta ya taa, na sasa taa za betri na sola. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa unapotea katika mwanga wake, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wengi hupumzika, wakashona nyavu na kutengeneza vyombo. Ukikaa jioni kwenye vilima vya Bangwe au Katonga katika siku za giza, utaona taa zimetapakaa juu ya maji hadi macho yanapokoma, kana kwamba mji mwingine umejengwa ziwani, na nyuma yake, hali ya hewa ikiruhusu, weusi wa milima ya Kongo.

Kuna jambo kuhusu ziwa hili ambalo kila alaye samaki wake angefaa kulijua. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 650, na linashirikiwa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Lakini uhai wake uko juu. Chini ya mita 100 hadi 200 hivi hakuna oksijeni, na samaki hawezi kuishi. Rutuba, hata hivyo, imezama huko chini. Inapanda pale upepo mkali wa kusini unapovuma wakati wa kiangazi na kuyachanganya maji. Vijimea vinapata chakula, vidudu vya maji vinapata vijimea, dagaa wanapata vidudu, na mgebuka anawapata dagaa. Samaki aliye kwenye sahani yako amelishwa na upepo.

Sasa mawese. Ukitoka mjini kuelekea Mwandiga, au ukiteremka bonde la mto Luiche karibu na Ujiji, utakutana na michikichi kila upande, mingine mirefu kiasi cha kumtisha mpandaji. Vishada hukatwa, huachwa siku chache, kisha chikichi hupukuchuliwa, huchemshwa, hutwangwa, hukamuliwa, na mafuta yake hupikwa tena mpaka maji yaishe. Kokwa linalobaki halitupwi, maana ndani yake mna mise, nayo hutoa mafuta mengine ya namna yake. Serikali ilianzisha mwaka 2018 kampeni ya kulifufua zao hili mkoani, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akiisimamia, na kituo cha utafiti cha Kihinga kimekuwa kikizalisha miche ya aina ya Tenera, yenye nyama nene na kokwa dogo kuliko michikichi ya asili. Ni kazi njema. Ila nawaomba wapishi wa Kigoma wasiyaache mawese ya kukamuliwa nyumbani, yale mekundu kama yalivyo, yenye harufu. Mafuta yaliyosafishwa hadi yakawa meupe hayana tofauti na mafuta mengine yoyote ya dukani, na mgebuka aliyepikwa kwa hayo anaweza kupikwa mji wowote.

Mpwani aliyezoea tui la nazi atahitaji muda kidogo na mawese. Nazi inapoza, mawese yanakolea. Harufu yake inaingia puani kabla sahani haijafika mezani, na ladha yake ina uzito wa karanga na kiasi fulani cha uchachu. Kwa mara ya kwanza wengine huikunjia uso. Wavumilie tonge tatu, kisha waniambie.

Muhogo ni wa mashamba ya milimani. Humenywa, hulowekwa siku kadhaa mpaka ulainike na sumu yake itoke, huanikwa, hutwangwa au husagwa, kisha huchekechwa. Unga wake mzuri ni mweupe na laini. Maji yanapochemka unatiwa, na mpishi anasonga kwa nguvu zote mbili, ya mkono na ya mgongo, maana ugali huu unanata na unamshindania mwiko. Ukiiva unang'aa na unavutika. Wengine huchanganya na unga wa mahindi ili uwe mwepesi, na mgeni anayesitasita aanze na huo.

Na chumvi. Treni ya kuja Kigoma husimama Uvinza, na abiria wengi hununua vitu dirishani bila kujua wamesimama wapi. Hapo pana chemchemi za maji ya chumvi, maji ambayo watu wamekuwa wakiyachemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Kabla ya reli, kabla ya Mjerumani na Mwarabu, chumvi ya Uvinza ilikuwa ikisafirishwa na kubadilishwa kwa bidhaa katika eneo lote la maziwa. Mpishi anapoinyunyiza chumvi juu ya mgebuka, anakamilisha chakula ambacho karibu kila kitu chake kimetoka ndani ya mkoa mmoja.

Twende tukale.

Usiende kwenye mgahawa wenye vitambaa mezani. Nenda kwa mama lishe, Mwanga sokoni au Ujiji, mahali penye mabenchi, sufuria tatu na jiko la mkaa, na wateja ambao ni watu wa kazi. Nenda kabla ya saa saba mchana, kwa sababu samaki mzuri huisha. Salimia kwanza. Mama niliyezoea kula kwake Ujiji hamwulizi mteja anataka nini mpaka salamu ziishe. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Za huko utokako? Za safari? Nyumbani hawajambo?" Ndipo linakuja swali lenyewe: "Nikupe mbichi au wa kubanika?"

Swali hilo ni zito, nami ninalo jibu. Mgebuka mbichi, yaani aliyevuliwa usiku ule, hukaangwa kidogo ili ngozi ikaze, kisha hutumbukizwa kwenye mchuzi wa mawese, kitunguu, nyanya na pilipili nzima isiyopasuliwa. Nyama yake ni laini, nyeupe, yenye mafuta ya kiasi. Wa kubanika amekaushwa kwa moshi, naye hupikwa taratibu mpaka anywe mchuzi. Ana ladha kali zaidi, na kwa mzoefu ndiye mwenye utamu wa kukaa mdomoni. Lakini kwa anayefika mara ya kwanza, aombe mbichi. Wa kubanika unaweza kumpata hata Dar es Salaam.

Hakikisha amekuja mzima. Vipande viwili vya katikati ni rahisi kupika na rahisi kula, ila vinakunyima kichwa na mkia. Ukiulizwa, sema: "Mama, nipe mzima na kichwa chake."

Maji ya kunawa yataletwa, birika na beseni na kipande cha sabuni. Nyosha mikono miwili, nawa hadi kwenye kiwiko cha mkono kama unaweza, na kama kuna mtu mzima mezani mwache anawe kwanza. Usijifute kwa kitambaa. Mkono wenye unyevunyevu ndio unaoweza ugali wa muhogo, mkono mkavu unagandwa.

Mega kutoka ukingoni, upande wako, si katikati. Tonge liwe dogo, dogo kuliko la ugali wa mahindi, kwa sababu huu una uzito. Livingirishe kiganjani mara mbili tatu mpaka liwe duara na laini, kisha lipige shimo kwa kidole gumba. Shimo hilo ndilo kijiko chako. Na tonge la kwanza usilipe samaki. Lichovye kwenye mchuzi peke yake, lijae mawese, upeleke mdomoni. Hapo utayajua mawese yenyewe, na kuanzia hapo ulimi wako utakuwa umeandaliwa kwa yanayofuata.

Halafu jambo linalowashinda wengi: usitafune sana. Ugali wa mahindi hutafunwa, ugali wa muhogo humezwa. Ukiutafuna unageuka gundi, unashika meno, na mtu anaamua kwamba chakula hiki hakimfai. Uzungushe mdomoni ukiwa na mchuzi, uuminye kidogo kwa ulimi, uuache ushuke. Watu wa huku, kama wenzao wa ng'ambo ya ziwa, Uvira na Kalemie, hufanya hivyo tangu utotoni bila kufikiri. Mgeni afikiri kwa siku mbili tatu, halafu mwili utajua wenyewe.

Sasa samaki. Mgebuka haanzwi katikati ya tumbo. Anza nyuma ya kichwa, juu, kwenye mgongo. Weka kidole gumba pale nyama inapoungana na uti na ukisukume polepole kuelekea mkiani. Kama ameiva vizuri, nyama ya mgongo itajitenga kwa kipande kirefu kimoja. Huo ndio mnofu wake mzuri, hauna miiba ya kukusumbua. Chukua kiasi cha tonge, kiweke kwenye shimo, chovya, kula. Ukimaliza mgongo wa upande huo ndipo uteremke kwenye tumbo, na hapo upunguze mwendo, kwa kuwa mbavu zake ni nyembamba na zimejificha kwenye mafuta. Zitafute kwa vidole kabla hazijafika mdomoni. Vidole vinaona miiba ambayo uma hauioni. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kula kwa mkono, achilia mbali utamu.

Upande wa juu ukiisha, usimgeuze. Shika mkia, uinue uti wa mgongo taratibu, nao utatoka mzima pamoja na mbavu zake, ukiacha upande wa pili umelala sahanini tayari. Weka mifupa pembeni ya sahani, si mezani.

Kichwa kiwe cha mwisho. Kwenye shavu mna kipande kidogo cha nyama, kitamu kupita vyote vilivyotangulia. Nyuma ya jicho mna mafuta. Vunja taya, nyonya, usione haya. Katika nyumba za Ujiji nilizowahi kukaribishwa, watu wakiwa wamezunguka sinia moja, kichwa hupewa anayeheshimiwa, na mgeni akisogezewa kichwa amepewa neno la heshima lisilosemwa. Akikikataa kwa kuchukia macho ya samaki, wenyeji hawatamlaumu, lakini watakuwa wameumia kidogo. Basi kipokee, ukile, ushukuru.

Kwenye sinia la pamoja kuna sheria nyingine chache. Kila mtu hula upande wake. Mkubwa ndiye anayeugawa mnofu, anaumega na kuusogeza mbele ya watoto na wageni, nawe huendi kuufuata ulipo. Mazungumzo yapo, ila si mengi, na ya kusikitisha huahirishwa. Pilipili ile nzima iliyopikwa mchuzini huwekwa ukingoni, na anayeitaka huigusa kwa ncha ya tonge. Usiipasue katikati ya sinia; utakuwa umewaamulia wote.

Pembeni mara nyingi kuna kisamvu, ambacho huku wengi hukiita sombe, majani machanga ya muhogo yaliyotwangwa yakapikwa kwa saa nyingi na mawese hayo hayo. Kitoweo hiki kingetosha makala yake. Kila baada ya tonge mbili za samaki chukua moja ya sombe, nayo itapunguza uzito wa mafuta.

Kula kikiwa cha moto. Mawese yakipoa yanaganda, na sahani iliyoganda haifufuki. Ndiyo sababu hutaona watu wa Kigoma wakizungumza na simu huku chakula kimewekwa. Na vaa nguo isiyokuwa nyeupe, maana doa la mawese linatoka kwa shida. Ukimaliza, omba maji ya uvuguvugu na sabuni, na limau kama lipo, usugue hadi kwenye kucha.

Dagaa nao wana namna yao, fupi zaidi. Dagaa wabichi wa Kigoma hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi mpaka wakauke, na huliwa wazima, kichwa na mkia, watatu wanne kwa mara moja, na limau juu. Hakuna cha kutoa, hakuna cha kutupa. Wakavu huanikwa, zamani mchangani na siku hizi zaidi na zaidi kwenye vichanja, ambako hawapati mchanga na bei yao hupanda. Wana jina nchi nzima, na dagaa wa Ziwa Victoria ni wa aina nyingine kabisa. Msichanganye, wala msikubali kuchanganyiwa sokoni.

Baada ya chakula, katika Ujiji, kahawa. Ujiji ni mji mkongwe kuliko Kigoma. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliufikia mwaka 1858 wakakuta tayari ni kituo cha misafara ya pembe na ya watumwa, biashara ambayo imeacha majonzi na imeacha pia watu. Wamanyema waliovuka kutoka Kongo, Waha wenyeji wa milima, watu wa pwani waliokuja na misafara na Uislamu wao na Kiswahili chao, wote waliketi hapa wakaoana, na kutoka hapa Kiswahili kikavuka ziwa kwenda mashariki ya Kongo. Jioni, baada ya swala ya magharibi, wazee hukaa barazani, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, na Kiswahili chao kina utulivu ambao sijausikia mji mwingine wa bara. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini hapa hawapiki mgebuka kwa nazi kama ndugu zao wa pwani. Alinijibu kwa upole, kama anayemfundisha mjukuu: "Mwanangu, kila maji yana mafuta yake."

Bandarini kuna MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande hadi hapa, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate, ikaibuliwa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikarudi kazini kwa jina lake la sasa. Kwa miongo mingi ilikuwa ikipita mwambao mzima hadi Zambia, na popote iliposimama mitumbwi iliizunguka ikiwa na abiria, mananasi na samaki. Aliyekula ndani yake mgebuka wa mtumbwini hasahau.

Lazima niseme pia kwamba ziwa limechoka. Maji ya juu yamekuwa yakipata joto mwaka hadi mwaka, na maji ya joto hayachanganyiki kirahisi na yale ya chini yenye rutuba. Wavuvi wameongezeka na nyavu zenye matundu madogo zimeongezeka. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu kwa kaya za mwambao, na sitajifanya kuwa mgeni alaye samaki anabeba mzigo sawa na anayemvua. Lakini ninaunga mkono kufungwa kule kwa moyo wote. Mgebuka mchanga akivuliwa kabla hajataga, hasara yake ni ya wavuvi hao hao kabla ya kuwa yangu. Kwa hiyo ukienda, mkatae samaki mdogo. Lipa zaidi kwa mkubwa, na umwambie muuzaji kwa nini.

Panga safari yako siku za giza la mwezi, ulizia kwanza kama ziwa liko wazi, na ukae siku za kutosha kula zaidi ya mara moja, kwani mara ya kwanza mtu huwa bado anapambana na ugali. Ukitaka kuwabebea wa nyumbani, nunua dagaa wakavu Kibirizi na chupa ya mawese sokoni Mwanga, uifunge vizuri. Mgebuka mbichi usimbebe. Mle huko huko.